Ganda la Namkunda

Hidaya Mhina aliingia zahanati saa tatu asubuhi akiwa ameinua mkono wa kushoto juu ya kichwa, kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali. Damu ilikuwa imeteremka mpaka kwenye kiwiko na sasa inadondoka sakafuni. Meno aliyauma, lakini hakulia.

"Cha pete safari hii," alisema. "Fanya haraka, mdogo wangu. Nimeacha zamu."

Namkunda Mbwambo hakumwambia akae. Alivuta droo, akatoa kipande cha kitambaa chenye rangi ya uji wa ulezi, kikavu kama jani la mgomba lililonyauka, akakizungusha kwenye kidole ambacho sasa kilikuwa kifupi kuliko jana. Akaanza kuhesabu kwa sauti, kama alivyozoea. Alipofika sita damu ilikoma. Alipofika ishirini kitambaa kilikuwa kimegeuka kahawia na kushika kidole sawasawa, huku uso wa Hidaya ukilegea kwa sababu maumivu yalikuwa yanaondoka.

Watu wa Mvungwe walikiita kitambaa hicho ganda. Kilikuwa kazi ya Namkunda ya miaka saba. Alichambua nyuzi za mkonge mpaka zikawa nyembamba kuliko uzi wa buibui, akazipaka unga wa maganda ya kamba wa baharini ambao huzishika chembe za damu na kuzigandisha, kisha katikati ya nyuzi akalaza vijidudu vyema alivyovitoa kwenye matope ya chemchemi ya maji moto. Vijidudu hivyo hulala vikiwa vikavu. Vikionja joto la damu huamka, hufuma utando juu ya kidonda, na kutema dawa yao wenyewe. Siku ya tisa hufa, ganda likadondoka, na chini yake pakawa na ngozi mpya. Zama zile vidonge na sindano za zamani vilikuwa vimekwisha nguvu. Vijidudu vibaya vilikuwa vimevizoea kama mtu anavyozoea pilipili. Mtu aliweza kufa kwa kuchomwa na mwiba. Ndiyo maana ganda lilipoanza kufanya kazi katika zahanati ile moja ya kiwanda, ambako Namkunda alipewa kibali cha kulijaribu, watu walimwita dokta ingawa hakuwa dokta.

"Dada Hidaya, hiki ni kidole cha tatu tangu masika," Namkunda alisema akimfuta damu mkononi. "Jicho la mashine halikukuona?"

Hidaya alimtazama kana kwamba ameulizwa kama jua limechomoza.

"Jicho gani? Kwani hujui?"

"Nijue nini?"

"Macho yamefumbwa, mdogo wangu. Yote manane, toka Machi. Walituambia hakuna haja tena, tunalo ganda." Akashuka kwenye kiti na kukikunjakunja kidole chake kukijaribu. "Mimi nilidhani mmekubaliana."

Akatoka kurudi kazini.

Namkunda alibaki amesimama na pamba yenye damu mkononi. Alikuwa ameona kwamba majeraha yameongezeka. Mwaka uliopita alifunga watu watatu au wanne kwa mwezi. Mwezi huu walikuwa wamefika thelathini na nane. Alidhani ni kwa sababu ya wageni wengi walioajiriwa. Na ukweli ambao hakupenda kujiambia ni kwamba alikuwa anafurahi. Kila aliyeingia akivuja na kutoka akitembea alimfanya alale vizuri.

*

Alivua koti jeupe, akavuka uwanja mpaka kiwandani.

Tangu dunia ipige marufuku plastiki, kila kitu kilitaka nyuzi: magunia, nyavu, milango ya magari, mbawa za ndege. Mvungwe ilikuwa na mashine nane za kukamua majani ya mkonge, ambazo wakulima wa mkonge waliziita korona tangu enzi za mababu, kabla jina hilo halijawa jina la ugonjwa. Kila korona ilikuwa na gurudumu kubwa lenye visu butu, linalozunguka kwa kasi mpaka halionekani. Mlishaji husukuma majani mdomoni, gurudumu linakwangua nyama ya kijani, na upande wa pili zinatoka nyuzi nyeupe. Juu ya kila mdomo lilikuwapo jicho la kioo. Jicho likiona ngozi ya binadamu kwa umbali usiofika shibiri moja, gurudumu hukwama papo hapo. Kulirudisha kwenye kasi yake kulichukua dakika arobaini.

Namkunda aliyatazama macho moja baada ya jingine. Yote yalikuwa yamebandikwa mkanda mweusi.

Alipomwendea ofisini, Mhandisi Semboja, meneja wa kiwanda, hakumficha kitu. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi za mapema, na alimvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Nani aliyafumba, mhandisi?"

"Mimi. Kaa, dada Namkunda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yalikuwa yanaisimamisha kazi mara kumi kwa siku, na nyingi ni mtu amepunga tu mkono. Sikiliza. Kabla wewe hujaja nilizika watu watatu hapa, macho yakiwa wazi. Waliguswa kidogo tu. Mikwaruzo! Ikaoza, homa ikawapanda, wakafa. Toka ganda lako lije sijazika hata mmoja. Sasa niambie, macho ndiyo yaliyowaokoa watu au wewe?"

"Dada Hidaya amebaki na vidole saba vizima."

"Na yuko hai. Amerudi kwenye mashine muda huu, nimemwona akipita."

"Umeliripoti jeraha lake kwa mkaguzi wa viwanda?"

Semboja alitikisa kichwa, bila aibu. "Sheria inasema ajali ni jeraha linalomkosesha mtu zamu mbili. Nani amekosa zamu mbili? Ukaguzi wa mwisho umeandika sifuri. Mimi sikudanganya neno hata moja."

Namkunda aliinuka.

"Yafungue, mhandisi. Nakuomba."

"Nikiyafungua tutashindwa na viwanda vingine kabla ya mwaka kuisha, kisha nitafunga geti, na hao unaowaonea huruma watarudi makwao na vidole vyao kumi kula nini?" Alisema kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mgonjwa. "Umetengeneza kitu chema. Usikionee haya."

*

Kesho yake mchana, Ijumaa, wafanyakazi walikutana kwenye uwanja wa kuanikia, katikati ya safu za nyuzi nyeupe zilizotundikwa kwenye nyaya. Hidaya ndiye aliyewaita. Namkunda aliwaeleza alichokusudia. Ganda haliwezi kutengenezwa bila mbegu yake, uji mzito wa vijidudu aliokuwa akiulea kwenye mitungi minne nyuma ya zahanati na kuulisha molasi kila siku. Mwenye kujua kuulea alikuwa yeye peke yake. Kama ganda ndilo lililofumba macho, basi ganda likiondoka itabidi macho yafunguliwe.

"Lakini peke yangu siwezi," alisema. "Nikilimwaga, na ninyi msilishe. Mtu asiguse korona mpaka mikanda ibanduliwe."

Kisha mtu mmoja akajitokeza mbele. Alikuwa Athumani Chambo, mlishaji wa korona ya nne, mwanamume mwembamba mwenye sauti nzito.

"Dokta, mimi nikuulize. Wewe utakuwa wapi siku korona itakapomshika mtu na ganda halipo?"

"Nitakuwa zahanati."

"Enhe. Zahanati. Sisi tutakuwa mbele ya gurudumu." Akawageukia wenzake. "Huyu mama ana roho nzuri, sikatai. Lakini anataka kupigana vita kwa damu yetu. Kama ana ugomvi na Semboja, amwendee na damu yake."

"Chambo," Hidaya alimkatiza, "hakuna atakayeshikwa kama hakuna atakayelisha. Si ndivyo tunavyokubaliana?"

"Mtakaa siku ngapi bila kulisha? Majani yakikatwa hayangoji. Siku ya tatu yanaoza. Mimi nina majani ya shamba la baba yangu pale uwanjani, nimeyakata kwa mikono hii."

Walibishana mpaka honi ya zamu ikalia na hakuna aliyeitikia. Mwishowe wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Waliokubali walikuwa wengi. Namkunda aliitazama mikono ile iliyoinuliwa na hakuweza kuitazama kwa muda mrefu, kwa sababu michache tu ndiyo iliyokuwa na vidole vyote.

Jumamosi asubuhi, mbele ya Semboja na yeyote aliyetaka kushuhudia, alimimina maji yanayochemka kwenye mitungi yote minne. Ule uji uliofanana na maziwa mgando ulikatika na kutoa harufu ya mayai. Maganda yaliyobaki kwenye droo, zaidi ya mia mbili, aliyatia kwenye tanuri la zahanati. Semboja alisimama mlangoni mikono nyuma.

"Umewaua watu ambao hata hawajaumia bado," alisema, akaondoka.

*

Jumamosi, Jumapili na Jumatatu korona zilinyamaza. Kimya kile kilikuwa kigeni mno Mvungwe, hata kuku walionekana kutembea kwa wasiwasi. Milima ya majani ya mkonge uwanjani ilianza kugeuka njano, kisha kahawia, na harufu yake kali ikaingia majumbani.

Jumanne asubuhi Chambo na wenzake watano walipita getini. Hidaya aliwasimamisha njiani, akawasihi, akawatukana, kisha akamshika Chambo shati. Chambo aliubandua mkono wake taratibu.

"Dada, baba yangu alipanda mkonge ule miaka minane iliyopita. Sitakaa nikautazama ukioza kwa ajili ya mkanda mweusi."

Korona ya nne iliwashwa saa mbili. Saa tatu kasoro, jani lililooza liliteleza, Chambo akalifuata, na gurudumu likauchukua mkono wake wa kulia mpaka juu ya kiwiko.

Walimleta mbio kwenye toroli la kubebea nyuzi. Namkunda alimfunga mkanda juu ya jeraha akaukaza kwa kijiti, akabana kwa magoti, akajaza vitambaa vya kawaida, akahesabu. Alihesabu sita. Alihesabu ishirini. Alihesabu mia na damu ilikuwa bado inakuja. Ilichukua robo saa na nguvu zake zote kuipunguza. Kisha daktari aliyekuwa mjini aliichukua mikono ya chuma ya chumba cha upasuaji, akiiongoza kwa mbali kupitia skrini, akakata kilichobaki na kushona mishipa.

"Damu imesimama," sauti ya daktari ilisema mwishoni. "Sasa ni vijidudu. Kidonda kimejaa uozo wa majani, na dawa nilizonazo haziviui tena. Akija huku wodi zetu zitamwongezea vingine. Nasikia kwenu kuna kitu kinachoitwa ganda."

"Kilikuwepo," Namkunda alijibu.

*

Jumatano asubuhi homa ilipanda. Mwanakheri, mke wa Chambo, alikaa upande mmoja wa kitanda akimkanda mumewe kwa maji. Hidaya alimwita Namkunda nje, ukutani.

"Nilikuwa nafikiri," alisema, akanyoosha kidole cha pete. Ganda la Alhamisi lilikuwa bado limeshika, kahawia na lenye unyevu. "Hiki kitu si kiko hai?"

Namkunda alikitazama.

"Kiko hai."

"Basi kibandue. Ukilee kama ulivyokuwa unaulea ule uji. Kitoshe mkono wa Chambo."

"Kinataka siku tano kuzaliana."

"Siku tano si nyingi. Kibandue sasa hivi." Hidaya tayari alikuwa anaukwaruza ukingo kwa ukucha.

Namkunda alimshika mkono akamzuia. Baadaye, kila alipolikumbuka jambo hili, hakuweza kusema kwamba hakujua anachokifanya. Alijua. Mkono uliokatika ulikuwa ajali ambayo hakuna sheria ingeweza kuiita sifuri. Semboja alilazimika kuripoti, na mkaguzi alikuwa ameahidi kufika jioni ile ile. Angekuta macho yamefumbwa, mtu yuko kitandani, na zahanati haina ganda. Lakini mtungi mmoja tu ukianza kuchacha, Semboja angeunusa. Angemwambia mkaguzi: tazama, dawa tunayo, inakuja, hakuna tatizo. Na watu wangerudi kulisha korona zenye mikanda.

"Ngoja mkaguzi aone kwanza," alisema. "Jioni hii tu. Akishaona, tunaanza."

Hidaya alimkazia macho. "Una hakika anaweza kungoja?"

"Homa ndiyo kwanza inaanza. Ana nguvu."

Mchana Chambo alizinduka. Alimwona Namkunda akibadilisha kitambaa, akamwita kwa sauti nyembamba isiyofanana na ile yake.

"Dokta. Ungekuwa nalo, ungenipa?"

Mwanakheri aliinua uso, akangoja jibu naye.

"Ningekupa," Namkunda alisema.

"Naam." Chambo alifumba macho. "Ndiyo maana ukalichemsha. Ulijijua, usingeweza kuninyima."

Mkaguzi hakuja jioni ile. Gari lao lilikuwa limeharibika, walisema. Labda wiki ijayo. Alhamisi alfajiri Namkunda alikwenda mbio nyumbani kwa Hidaya, akalibandua ganda kwa koleo ndogo, akalitumbukiza kwenye mtungi wa molasi ya vuguvugu. Kidole kilianza tena kuvuja, na Hidaya mwenyewe akakifunga kwa kipande cha khanga.

Ijumaa mtungi ulianza kutoa mapovu. Jumamosi utando mwembamba ulitanda juu. Jumapili bega la Chambo lilivimba na kuwa jeusi, akawa anaongea na baba yake aliyekwisha kufa. Namkunda alikuwa anakwenda mtungini kila saa, akiugusa kwa kiganja kupima joto, akiupa molasi kwa kijiko, akijua kwamba hakuna linaloweza kuuharakisha. Jumatatu mchana Chambo alitulia kidogo, akamtambua mkewe. Saa kumi na moja jioni akafa.

Jumanne asubuhi utando ulikuwa umekomaa. Ulikuwa mnene, mweupe, unatosha kufunika mkono mzima wa mtu. Namkunda aliutazama kwa muda. Kisha akaufunika mtungi, akavaa khanga nyeusi, akaenda mazikoni.

*

Kifo kilimleta mkaguzi ambaye jeraha lilishindwa kumleta. Alikuwa mwanamke wa makamo, makini, aliyepiga picha kila mkanda mweusi na kupima kila mdomo wa korona. Ijumaa aliketi katika ukumbi wa chakula na kuwahoji watu mbele ya wote. Semboja alijibu alichoulizwa. Hidaya alijibu alichoulizwa. Mwanakheri alikaa mstari wa mbele, amejitanda, mikono mapajani.

Namkunda aliitwa mwisho.

"Uliteketeza ganda siku tatu kabla ya ajali, mbele ya meneja, na ukamweleza sababu. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Meneja akaacha korona iwashwe huku akijua ganda halipo na macho yamefumbwa."

"Ndiyo."

"Swali la mwisho. Baada ya marehemu kuumia, je, kulikuwa na njia yoyote ya kulipata ganda kwa wakati na kumwokoa?"

Semboja aliinua kichwa. Hidaya alikuwa amekaa kando ya dirisha, kidole chake kimefungwa khanga, akitazama nje.

Namkunda alijua majibu yote mawili na kila jibu lilikokuwa linaelekea. Akisema ndiyo, kalamu ile ingeandika kwamba Athumani Chambo aliuawa na uzembe wa mhudumu wa zahanati. Semboja angetoka na vumbi tu viatuni, na mikanda ingebaki. Akisema hapana, mashine ingebeba kifo chote.

"Hapakuwa na njia," alisema.

Mkaguzi aliandika. Hidaya aliendelea kutazama nje.

Walipotoka, Mwanakheri alimfuata uwanjani. Alimshika mikono yote miwili, akainamisha kichwa juu yake. "Ahsante, dada," alisema. "Ulikaa naye. Ulihangaika. Mungu akulipe." Namkunda hakuweza kuitoa mikono yake wala kuiacha pale. Nyuma yao Hidaya alipita bila kusimama.

*

Amri ilikuja baada ya siku kumi. Macho yote manane yafunguliwe, yafungiwe ndani ya kasha la chuma ambalo mkaguzi peke yake ana ufunguo wake. Semboja alihamishwa. Namkunda alirudisha ganda kwenye droo. Meneja mpya alipouliza limetoka wapi, alisema alipata mbegu kidogo iliyosalia kwenye kifuniko. Hakuna aliyemchunguza. Sasa kiwanda kilikuwa na macho na kilikuwa na ganda. Kila alichokuwa amekitaka alikipata.

Siku ya kwanza korona ya pili ilipokwama kwa sababu ya mkono wa mtu, walishaji wote waliacha kazi wakaja kuitazama. Mtu yule, aliyekuwa mgeni, alisimama na mkono wake mzima mbele ya gurudumu lililonyamaza, akicheka kwa hofu. Walikaa dakika arobaini wakipiga soga. Namkunda aliwasikia wakicheka kutoka zahanati. Hidaya alikuwa miongoni mwao. Tangu siku ya mahojiano hakuwa amekanyaga zahanati wala kumjibu salamu kwa zaidi ya neno moja.

Jioni ile Namkunda alikwenda nyumbani kwa Mwanakheri. Alimkuta uani akichambua mchele kwenye ungo. Mwanakheri alisogea ili mgeni apate nafasi mkekani, lakini Namkunda hakukaa.

Akamweleza yote akiwa amesimama. Kidole cha Hidaya, siku ya Jumatano, mkaguzi aliyengojwa, mtungi uliokomaa Jumanne. Hakujitetea. Alipomaliza, Mwanakheri alikuwa bado ameshika punje chache kati ya vidole vyake.

"Ungeanza Jumatano, lingekuwa tayari lini?"

"Jumatatu. Jumatatu asubuhi."

"Jumatatu mchana alinitambua," Mwanakheri alisema polepole. "Aliniuliza kama majani ya baba yake wameyaondoa uwanjani. Nikamwambia ndiyo." Akaziangusha punje ungoni. "Siku moja."

"Siku moja, mama."

"Usiniite mama."

Kwa jirani mtu alikuwa anapasua kuni.

"Nimekuja unifanye utakavyo," Namkunda alisema. "Ukitaka nitakwenda kwa mkaguzi kesho, niseme."

Mwanakheri aliuweka ungo chini. Alipomwangalia, macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Useme, waandike upya? Waseme mume wangu aliuliwa na wewe, si na mashine, warudi na mikanda yao?" Alitikisa kichwa. "Mdogo wangu Zaina ameanza kulisha korona ya sita juzi. Ana vidole kumi. Hutakwenda popote. Hutamwambia mtu mwingine yeyote, maisha yako yote. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Umekuja unigawie mzigo wako, nami nimeupokea kwa sababu sina la kufanya. Lakini usidhani nimekusamehe. Sasa toka uani kwangu."

Namkunda alitoka. Alipofika kwenye ua wa michongoma, aligeuka mara moja tu. Mwanakheri alikuwa ameurudia ungo wake, akipepeta, na makapi yalikuwa yanaruka na kuanguka miguuni pake.